Kompyuta Iliyozaliwa Mkahawani



Keshia akifunga hesabu jioni na pesa zikapungua, siku hizi jawabu analopewa ni moja tu: mashine imesema hivyo. Tumelisikia neno hili kwa dada zetu wa madukani, wa mahotelini na wa benki, na kila mara linamaliza mazungumzo. Anayebishana na binadamu mwenzake anaweza kuleta shahidi. Anayebishana na mashine huonekana anatafuta njia ya kukwepa. Basi tukataka kujua ilianzaje, ni wapi kompyuta ilipoingia kazini mara ya kwanza na kuanza kusema pesa ngapi zipo na nani alipwe nini. Tulidhani tutaikuta kwenye benki kubwa au kiwanda cha magari. Tumeikuta kwa wauza chai na keki.

Kampuni ya J. Lyons ilifungua mkahawa wake wa kwanza wa chai mtaa wa Piccadilly, London, mwaka 1894. Ikaenea mpaka kila Mwingereza akawa na mkahawa wa Lyons aliouzoea. Wahudumu wake wa kike, wenye sare nyeusi na aproni nyeupe, tokea miaka ya 1920 wakiitwa Nippy, kwa wepesi wa miguu yao. Makao makuu yalikuwa Cadby Hall, Hammersmith, na hapo hapo mikate na keki zikiokwa usiku ili ziwahi mikahawani asubuhi.

Aliyewahi kuuza vitumbua mlangoni kwake anaijua shida ya biashara hii bila kufundishwa. Faida ya kipande kimoja ni ndogo mno, kwa hiyo lazima uuze vingi, na ukiuza vingi hesabu zinakuwa nyingi, na mwisho gharama ya kuhesabu inaweza kuila faida yenyewe. Lyons walikuwa na mamia ya makarani wa kufanya kazi hiyo tu, wengi wao wasichana waliokaa safu kwa safu mbele ya mashine za kujumlisha. Aliyewasimamia ni John Simmons, bwana aliyesoma hisabati Cambridge na kuingia Lyons mwaka 1923. Huyu hakuridhika kuona watu wenye akili zao wakijumlisha tarakimu kutwa nzima, na alitaka afisi imweleze mwenye biashara kinachotokea leo, hata kabla ya mwezi kumalizika.

Mwaka 1947 Lyons wakawatuma Marekani watu wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakaangalie mambo ya afisi yamefika wapi baada ya vita. Huko walisikia habari za mashine kubwa za umeme zilizotengenezwa kwa hesabu za kijeshi na za kisayansi. Walimwendea Herman Goldstine huko Princeton, naye akawaambia kuwa mashine kama hiyo inaundwa kwao wenyewe, Cambridge, na Maurice Wilkes. Wamevuka bahari kufuata kitu kilichokuwa mwendo wa saa chache kutoka nyumbani! Waliporudi, Lyons waliwapa watu wa Cambridge pauni 3,000 na kuwaazima fundi wao mmoja. Mashine ya Cambridge, EDSAC, ilifanya kazi mara ya kwanza Mei 1949, na Lyons wakaanza kujenga ya kwao chini ya mhandisi John Pinkerton. Wakaiita LEO, kwa maana ya Afisi ya Kielektroniki ya Lyons.

Ilijaza chumba kizima. Ndani yake mlikuwa na valvu za kioo zinazokaribia 6,000, zile za mfano wa redio za mababu zetu, zikiwaka na kutoa joto. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija mirefu ya zebaki: tarakimu ziligeuzwa mawimbi ya sauti, zikapita ndani ya zebaki, zikitoka upande wa pili zinarudishwa mwanzo, zikizunguka hivyo mpaka zitakapohitajika. Picha moja tu ya simu yako isingeenea humo. Lakini Novemba 1951 mashine hiyo ilianza kufanya kila wiki hesabu ya thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka kiwandani, na wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa ndiyo kazi ya kwanza ya kibiashara duniani kufanywa na kompyuta kwa utaratibu wa kudumu. Keki, shoga zetu, kabla ya kitu chengine chochote.

Kisha ikaja mishahara. Karani mzoefu alichukua kama dakika 8 kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja, pamoja na kodi na makato yake. LEO ilichukua sekunde 1 na nusu. Na hapa pana jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko hiyo kasi. Lyons hawakuiachia mashine mishahara ya watu siku ile ile ilipoweza kuihesabu. Kwa muda hesabu zilifanywa mara mbili, huku na huku, kwa mashine na kwa makarani, zikalinganishwa. Ilipofika mwaka 1954 ndipo walipoiamini. Walijua kwamba ukichelewesha au ukikosea mshahara wa muokaji mikate, umeigusa nyumba yake, na wala hatotaka kusikia habari za zebaki.

Kazi tunayoipenda zaidi katika habari yote hii ni ya oda za mikahawa, iliyoanza mwaka huo huo wa 1954. Zamani msimamizi wa mkahawa, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alijaza fomu ndefu kila siku kueleza keki ngapi, mikate mingapi, pai ngapi. Watu wa LEO, wakiongozwa na David Caminer, walikaa wakaichunguza kazi yake kabla ya kuandika programu yoyote. Wakaona kwamba oda ya Jumatatu hii haitofautiani sana na ya Jumatatu iliyopita. Basi kila mkahawa ukawekewa oda ya kawaida kwa kila siku ya wiki, na msimamizi akawa na kazi moja tu, kutaja mabadiliko. Mchana simu inalia. Upande wa pili yupo binti aliyevaa vipokea sauti masikioni, na huku akisikiliza anatoboa kadi. Bibi wa mkahawa anasema: kesho pana jua, niongezee vitu vya baridi, punguza pai. Kadi zinaingia kwenye mashine, na mashine inatoa orodha za kufungia bidhaa na kupakilia magari ya usiku.

Kwa maoni yetu hii ndiyo siku kompyuta ilipoingia kazini kwa adabu. Anayejua wateja wake wanataka nini bado ni yule mama. Mashine imemwondolea uandishi wa kuchosha, ikamwachia maarifa yake, na neno lake la mchana ndilo linaloamua mkate wa asubuhi.

Miongoni mwa walioziandika programu hizo alikuwemo Mary Coombs, aliyezaliwa mwaka 1929. Alisoma Kifaransa na historia chuo kikuu, akaingia Lyons kama karani, kisha akahudhuria mafunzo ya majaribio ya kompyuta yaliyokuwa magumu kweli kweli, akawa mmoja wa wachache mno waliochaguliwa. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kibiashara. Katikati ya miaka ya 1960 aliacha kazi ya kutwa ili amlee mwanawe mgonjwa, akabaki kuhariri vitabu vya maelekezo ya kompyuta, na baadaye akafundisha programu kwa watu wenye ulemavu mkubwa na kusomesha skuli ya msingi. Alifariki mwaka 2022.

Lakini tusije tukapamba. Katika afisi za serikali ya Uingereza, ambako mpaka mwaka 1946 mwanamke akiolewa alilazimika kuacha kazi, wanawake wa mashine walikuwa na daraja lao peke yao. Serikali ilipokubali katikati ya miaka ya 1950 kuwalipa wanawake sawa na wanaume wanaofanya kazi ile ile, daraja hilo likaachwa nje. Sababu? Wafanyakazi wake karibu wote ni wanawake, hakuna mshahara wa mwanamume wa kulinganisha nao! Na wakubwa walipotambua kuwa kompyuta ni nguvu ya kuendesha serikali, si kazi ya vidole tu, walianza kuwaingiza wanaume, na wako wanawake walioambiwa wawafundishe hao hao watakaokuwa mabosi wao.

Mmoja aliyechoka na mambo hayo ni Stephanie Shirley, aliyefika Uingereza akiwa mtoto mkimbizi wa Kiyahudi. Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake juu ya meza ya chakula kwa pauni 6. Akawaajiri wanawake waliosomea kazi kisha wakakwama majumbani kwa ajili ya watoto, wakaandika programu kwa penseli na karatasi, simu ikiwa chombo chao kikubwa. Barua zake za kuomba kazi hazikujibiwa mpaka alipoanza kuzitia saini ya jina la kiume, Steve. Timu ya wanawake hao wa majumbani ilitengeneza programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Mwaka 1975 sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia ilipopita, kampuni ikalazimika kuajiri wanaume zaidi. Tumecheka, lakini kidogo tu.

Na LEO? Ilizimwa Januari 1965, zikiwa zimeshatoka LEO ya pili na ya tatu. Lyons walikuwa wameunda kampuni ya kuuzia wengine mashine hizo, lakini biashara ya kompyuta ilikula fedha kuliko biashara ya keki. Mwaka 1963 ikaungana na English Electric, na mwaka 1968 wote wakaungana na kampuni ya ICT kuzaa ICL. Hiyo ICT ndiyo iliyoiuzia Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Tanzania nayo ikakutana na hesabu zilizokwenda mrama, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo huchekwa sana na vijana wa leo. Sisi hatuicheki kiasi hicho. Palikuwa na serikali iliyouliza kama mashine inaitumikia au yenyewe inaitumikia mashine, hata kama jawabu lake lilikuwa kali mno.

ICL baadaye ilinunuliwa na Fujitsu ya Japani. Na ni kutoka ICL hiyo hiyo, mrithi wa LEO, ndipo ulipotoka mfumo wa Horizon uliofungwa katika posta za Uingereza kuanzia mwaka 1999. Posta ndogo za vijijini huko huendeshwa na watu wenye maduka yao, na mkataba uliwataka walipe wenyewe upungufu wowote. Mfumo ulikuwa na makosa. Ulionesha pesa zimepungua ambapo hazikupungua. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kwa kutegemea ushahidi wake, na mahakama, kwa sheria ya wakati huo, zilianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawa sawa mpaka ithibitishwe vyengine.

Jo Hamilton, aliyekuwa na duka na posta katika kijiji cha South Warnborough, aliona upungufu wa pauni 2,000. Akapiga simu kuomba msaada. Akafuata aliyoelekezwa, na upungufu ukawa pauni 4,000 mbele ya macho yake, simu ingali sikioni. Wenziwe wengi, kila walipolalamika, waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Seema Misra wa West Byfleet alihukumiwa Novemba 2010 kifungo cha miezi 15 akiwa na mimba ya wiki 8, siku ambayo mwanawe mkubwa alitimiza miaka 10.

Tumeziweka simu mbili hizi pamoja makusudi. Mwaka 1954 mwanamke wa mkahawani anapiga habari, na mashine inabadilisha orodha yake. Nusu karne baadaye, mwanamke wa posta anapiga habari kwenye mfumo uliotoka ukoo huo huo, na hakuna anayemsikia. Katika muda wa kati kompyuta ilikuwa ndogo zaidi, rahisi zaidi, yenye akili zaidi. Kilichoondoka ni yule karani wa pembeni aliyekuwa akiihesabu tena mishahara kwa mkono, na yule mkubwa aliyekuwa tayari kumsikiliza.

Desemba 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuleta upungufu wa uongo. Aprili 2021 Hamilton, Misra na wenzao, jumla watu 39, walifutiwa hatia. Mei 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwafutia mamia waliobaki kwa mkupuo mmoja. Baadhi yao walikuwa wameshazikwa.