Mulega, Balega, Warega: wingi wa jina letu

Wengi tunaandika barua za kuomba kazi ao masomo kwa Kiingereza, na kwetu Pangi wengine wanaweka « Waregas ». Tuangalie hilo jina lilitokea wapi.

Kwa Kilega, mutu mumoja ni Mulega, wengi ni Balega, lugha ni Kilega. Umoja na wingi vinaonekana mbele ya neno, hapana nyuma. Mwezi wa 11, 1876, Stanley alitoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip na watu wake, wakaingia pori letu. Kwa Kiswahili cha pwani, wingi wa watu ni wa-, inchi ni u-. Njo maana kitabu chake cha 1878 kinaandika « Uregga ». Wabelgiji wakafuata njia ileile: mu 1909 Delhaise alitoa kitabu « Les Warega ». Jina letu likavaa wingi wa lugha ingine.

Mu 1973 Biebuyck alitoa « Lega Culture », bila wa- wala ba-.

Basi, « Waregas » ni wingi mara mbili: wa- mbele, s nyuma. Kwa Kiingereza andika « the Lega », bila s. Kuhusu mali, andika « the Lega people's land »: apostrofu inakuja mbele ya s, juu « people » tayari ni wingi. Kwa Kiswahili chetu, « udongo ya Balega » inatosha.

Bakusu wa Kibombo, Bangubangu wa Kabambare, ninyi jina lenu munaliandika namna gani?