DENI LA ZUBEYR (R.A.) NA MASHAMBA YA KARAFUU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tunaposwalia jeneza hapa Shume, huwa tunauliza: kuna anayemdai marehemu? Mara nyingi watoto wanabaki kutazamana. Leo tuangalie historia mbili, moja ya deni lililolipwa, nyingine ya deni lililozaa deni.

Mwaka 36 Hijria (656), siku ya Vita vya Ngamia, Zubeyr bin Awwam (r.a.) alimwita mwanawe Abdullah. Akamwambia anaona atauawa siku ile, na kinachomsumbua zaidi ni deni. Deni lenyewe lilitokana na watu kumletea amana. Yeye alihofia zisije zikapotea, akawaambia ziwe mkopo, dhima ibaki kwake. Akamuusia auze mali alipe, na akikwama amuombe Allah. Zubeyr akauawa. Hakuacha fedha taslimu, aliacha ardhi na nyumba.

Tazameni Abdullah alivyofanya.

Kwanza, alihesabu. Likafika 2,200,000.

Pili, hakuanza na vitu vidogo vidogo. Alitoa ardhi kubwa ya Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000. Ikathaminiwa 1,600,000 na kugawanywa mafungu.

Tatu, hakuchelewesha. Abdullah bin Jaafar alikuwa anadai 400,000, akajitolea kusamehe. Mtoto akakataa. Akasema basi niwekeni wa mwisho. Akakataa tena, akamkatia ardhi.

Nne, ndugu walipotaka mirathi aliwazuia miaka 4. Kila Hijja alitangaza: anayemdai Zubeyr aje. Baada ya hapo ndipo wakagawana. Na hiyo ndiyo hukumu ya Qur'an katika Surat An-Nisaa: mirathi huja baada ya wasia na deni.

Historia ya pili ni ya hapa kwetu pwani. Zanzibar, wenye mashamba ya karafuu walikopa kwa njia iliyoitwa bei khiyari. Mtu "anauza" shamba kwa sharti la kulikomboa, kisha anabaki humo humo akilipa kodi kwa aliyempa fedha. Kwenye karatasi ni biashara. Lakini ile kodi ni nini kama si riba iliyovishwa kanzu? Miaka ya 1930 uchumi wa dunia ulipodorora na bei ya karafuu ikaanguka, wengi walilemewa kabisa. Mwaka 1934 serikali ya Waingereza ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Mdai alizuiwa, lakini deni halikufutika.

Sasa tujitazame. Mkulima anachukua mbolea na mbegu kwa mkopo. Kabichi na viazi vinashuka bei, anakimbilia kausha damu ili alipe mkopo wa kwanza. Tofauti yake na mwenye karafuu ni zao tu.

Basi tufanye hivi. Andika madeni yako yote, na mkeo au mwanao ajue daftari lilipo. Usilipe deni kwa deni lenye riba. Siku ya kuuza mzigo pale Manolo, fungu la deni litoke kabla hela haijafika nyumbani. Una miti ya mbao iliyokomaa, au kiwanja kimekaa tu? Uza, ulipe ukiwa hai. Huyo ndiyo Ghaba yako.

Na wewe unayedai, Surat Al-Baqara inakuagiza umpe muda mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi kwako. Lakini mwenye uwezo asijifiche nyuma ya aya hii. Mtume (s.a.w.) amehesabu kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma.

Allah atulipie madeni yetu, atukinge na riba, awarehemu maiti wetu. Amin.

Wallahu a'lam.