Shuka za wazee: ufuaji unaozuia maradhi

Mzee mmoja aanza kujikuna usiku, wahudumu wasema ni joto. Baada ya wiki kadhaa wanajikuna wanne, na anayewafulia naye ana vipele baina ya vidole. Huo ni upele, na kwenye makao ya wazee ndio unaoonyesha wazi vile shuka zinavyohusika na afya ya nyumba nzima.

Kwa mtu asiyewahi kuupata, kujikuna huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kuanza, na muda wote huo anaweza kuwaambukiza wenziwe. Kwa hivyo kumtibu aliyejikuna peke yake ni kazi bure. Waliomo wote, wazee na wahudumu, hupakwa dawa siku moja, na siku iyo hiyo hufuliwa kwa maji moto shuka, leso, nguo na taulo zote zilizotumika siku 3 zilizopita. Kijidudu cha upele kikitoka mwilini kwa kawaida hakipiti siku 2 au 3. Blanketi lisilofulika basi lifungwe barabara ndani ya mfuko wa plastiki, likae wiki nzima.

Maji moto ni yepi? Mwongozo wa hospitali za Uingereza wataka nyuzi 65 za selsiasi kwa dakika 10 au zaidi, ama nyuzi 71 kwa dakika 3. Maji ambayo mkono wavumilia kufulia hayafiki huko. Asiye na mashine achemshe nguo kwenye sufuria ya kazi hiyo tu (si ile ya pilau), akikoroga kwa mti.

Kwa shuka zenye mkojo au choo, kazi yaanzia kitandani. Vaa glavu na aproni. Kunja shuka ndani kwa ndani, usiikung'ute, usiikumbatie kifuani, wala usiitupe sakafuni. Iingie moja kwa moja kwenye ndoo yenye kifuniko. Choo kimwagwe msalani kabla ya kufua. Wengi wetu twajua kusuuza nguo mpaka itwahirike kwa swala, na hilo lina mahali pake, lakini nguo iliyotwahirika si lazima iwe vijidudu vimekufa.

Baada ya kufua kwa sabuni, loweka katika maji baridi yenye jiki kwa dakika 30. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 69 vya maji, yaani kama mililita 285 katika ndoo ya lita 20. Ukiitia kwenye shuka ambayo bado ina uchafu, nguvu zake huishia kwenye uchafu huo. Usiichanganye kamwe na siki au dawa nyingine ya kusafishia choo, hutoa hewa ya sumu. Leso za rangi zitachujuka, hizo zichemshwe.

Hapa pwani kuna jambo jingine: maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe ni magumu, na vingi vina chumvi. Sabuni ya mche haitoi povu, huacha utando kwenye kitambaa. Sabuni ya unga hufanya kazi vizuri zaidi, na maji ya mvua yakipatikana yawekwe kwa kusuuzia.

Anika juani mpaka ikauke kabisa, kisha piga pasi ya moto. Msimu wa masika shuka iliyokunjwa na unyevu hufanya ukungu, na ngozi ya mzee anayelala siku nzima ni nyepesi kuchubuka.

Makosa mengi niliyoyaona hayako kwenye beseni. Yako kwa mtu mmoja anayefua asubuhi na kupika mchana, na kwa kiti kile kile kinachowekwa shuka chafu kisha safi. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni hata kama glavu zilivaliwa. Sanitaiza haitoshi, hasa kukiwa na mgonjwa wa kuhara.