Sotoka: India ilipoacha kuchanja ndipo ikashinda

Leo tuwaache kwanza mambo ya programu na kompyuta, tuzungumze kuhusu ng'ombe. Msiondoke, mwishoni kompyuta itarudi yenyewe.

Sotoka ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe na nyati, na virusi vyake ni ndugu wa karibu wa virusi vya surua. Mnyama alishikwa na homa, akatoka machozi na vidonda mdomoni, akaharisha, na mara nyingi alikufa katika siku chache. Kule India, ambako ng'ombe ndiye aliyevuta jembe na mkokoteni, sotoka ikipita kijijini shamba halikulimwa.

Hata sisi ilitufikia. Mwaka 1887 sotoka ilizuka Massawa, pwani ya Eritrea, na inasimuliwa mara nyingi kwamba ililetwa na ng'ombe waliotoka India kulisha jeshi la Italia. Miaka michache baadaye ilikuwa imefika kwetu. Wamaasai walipoteza sehemu kubwa ya mifugo yao, njaa ikafuata, na wakati ule wanaukumbuka kwa jina la Emutai, yaani maangamizi.

Nchini India, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungua maabara ya magonjwa ya mifugo mjini Pune mwaka 1889. Mwaka 1893 ikahamishiwa Muktesar, kwenye vilima vya Kumaon chini ya Himalaya, mahali pa baridi na mbali na mifugo ya watu. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa taasisi ya taifa ya utafiti wa mifugo.

Kinga ya mwanzo ilikuwa ya kubahatisha. Ng'ombe alidungwa damu ya mgonjwa, na papo hapo akadungwa maji ya damu ya mnyama aliyewahi kupona. Alipata kinga, lakini damu ile iliweza kumletea magonjwa mengine pia. Katika miaka ya 1920, J. T. Edwards wa Muktesar akatafuta njia ya kuikwepa hatari hiyo. Alichukua virusi vya sotoka akavipitisha kwa mbuzi, kutoka mbuzi hadi mbuzi, mara mamia. Kila hatua virusi vilizidi kumzoea mbuzi na kupunguza makali yake kwa ng'ombe. Mwishowe ng'ombe wa India aliweza kudungwa virusi hivyo bila maji ya damu, akaugua kidogo tu na kupata kinga. Edwards hakujua lolote kuhusu herufi za jeni zilizokuwa zikibadilika humo ndani. Ni kama mtu anayejaribu toleo moja la programu baada ya jingine, anaona matokeo tu, wala hajawahi kuufungua msimbo wenyewe.

Mwaka 1954 India huru ilianzisha mpango wa taifa wa kuitokomeza sotoka kwa kuchanja mifugo kwa wingi. Ugonjwa ulipungua sana. Tatizo ni kwamba chanjo ya mbuzi ilikuwa kali mno kwa baadhi ya wanyama, hasa wale wa damu ya Ulaya.

Jibu la tatizo hilo lilitoka hapa kwetu. Katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walivilea virusi ndani ya chupa, kwenye seli za figo za ndama. Virusi walivyoanza navyo vilikuwa vimehifadhiwa Kabete tangu miaka ya 1910. Baada ya kupitishwa kwenye seli mara 90 hivi, vilikuwa vimepoa kabisa, havimwumizi hata ndama mchanga, na kinga yake ilidumu miaka mingi. Maabara za India nazo zikaanza kutengeneza chanjo hiyo. Ugonjwa uliosemwa umetoka India ukapelekewa dawa kutoka Kabete.

Mtu angedhani kazi iliishia hapo. Wapi! Miaka ikapita, mamilioni ya sindano zikadungwa, na sotoka ikaendelea kuibuka hapa na pale, hasa kusini. Sisi wa programu tunaijua hali hii. Ukitia kiraka kila mahali bila kuweka kumbukumbu, hitilafu haionekani, lakini ipo. Ng'ombe aliyechanjwa na ng'ombe aliyeugua akapona, wote wawili damu yao ina kinga ileile, na kipimo hakiwezi kuwatofautisha.

Mwaka 1992 India, ikisaidiwa na Jumuiya ya Ulaya, ilibadili mbinu. Nchi iligawanywa katika kanda, chanjo ikaelekezwa kule ugonjwa uliko, na kwingineko ikasimamishwa. Uamuzi huo ulihitaji moyo, kwani ukikosea unaangamiza mali ya maskini. Lakini sasa kipimo kilisema kweli: ndama aliyezaliwa baada ya chanjo kusimama akikutwa na kinga kwenye damu, basi virusi vimepita hapo, wafuate. Kisa cha mwisho nchini India kilikuwa mwaka 1995, katika jimbo la Tamil Nadu. Mwaka 2006 India ilitambuliwa rasmi kuwa haina tena maambukizi.

Na kisa cha mwisho duniani? Kilionekana kwetu, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 ulimwengu ukatangaza kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui.

Sasa kompyuta inarudi. Mwaka 2019 taasisi ya Pirbright ya Uingereza iliteketeza akiba yake ya virusi vya sotoka, baada ya kusoma na kuhifadhi msimbo wao wote wa jeni. Msimbo huo una herufi karibu 16,000. Ukiuandika kama maandishi ya kawaida ni kilobaiti 16 hivi, kidogo kuliko picha moja ya simu yako. Kitu kidogo hivyo ndicho kilichowaacha Wamaasai bila ng'ombe, na kuwatoa jasho watafiti wa India kwa zaidi ya miaka 100. Siku nyingine mtu akikuambia kwamba hitilafu ni ndogo, haina neno, mkumbushe sotoka.