Turathi za Ufalme wa Rwanda na Siasa za Ukabila

Turathi za ufalme wa Rwanda ni vitu, maeneo, mila na masimulizi yaliyobaki kutoka dola ya Wanyiginya, ukoo uliotawala sehemu kubwa ya Rwanda ya leo hadi mwaka 1961. Katika karne ya 20 turathi hizo ziliburutwa katika siasa za Wahutu na Watutsi. Kila upande ulizitumia kujibu swali moja: nani alitangulia kuingia nchini, na nani kwa hiyo ana haki ya kutawala. Swali lenyewe liliandikwa kwanza na wageni, likapokewa na watu wa ikulu, likageuzwa silaha na wapinzani wao, na hatimaye likatumika kuhalalisha mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Tangu 2020 turathi hizi ziko chini ya taasisi moja ya serikali inayosimamia makumbusho, lugha ya Kinyarwanda na nyaraka za taifa.

## Mapokeo ya asili

Mapokeo yanamtaja Gihanga kuwa mwasisi wa ufalme, mletaji wa ng'ombe, uhunzi na moto wa kifalme usiozimwa. Msitu wa Buhanga ulioko Musanze, kaskazini mwa nchi, unahusishwa naye. Kilima cha Gasabo, karibu na Ziwa Muhazi, kinahesabiwa kuwa chimbuko la dola yenyewe. Jina la kilima hicho lilipewa moja ya wilaya tatu za jiji la Kigali katika mageuzi ya utawala ya 2006.

Shujaa mkubwa wa masimulizi ni Ruganzu Ndori, ambaye inasemekana alilelewa kwa shangazi yake huko Karagwe, Tanzania ya leo, kisha akarudi kuukomboa ufalme uliokuwa umepotea. Mwanahistoria Mbelgiji Jan Vansina, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu ufalme wa Wanyiginya, alishikilia kwamba dola hiyo ilianza na Ndori mwenyewe katika karne ya 17, na kwamba wafalme wa kabla yake walitungiwa nasaba baadaye ili kuupa ufalme umri mkubwa. Wanahistoria kadhaa wa Rwanda wameikataa hoja hiyo.

## Ngoma, majina na siri za ikulu

Alama kuu ya mamlaka ilikuwa ngoma iitwayo Karinga. Kabla yake palikuwa na ngoma nyingine, Rwoga, ambayo mapokeo yanasema ilitekwa na maadui kutoka ng'ambo ya Ziwa Kivu, na Ndori akasimika Karinga badala yake. Ngoma hiyo ilipakwa damu ya ng'ombe wa kafara na kuning'inizwa sehemu za siri za wafalme maadui waliouawa vitani. Mfalme akifa, ngoma hubaki. Aliyeishika ndiye mwami, yaani mfalme. Desturi hiyo ya kuning'iniza mabaki ya maadui ndiyo iliyokuja kutajwa zaidi katika siasa za miaka ya 1950, kwa kuwa miongoni mwa wafalme waliouawa walikuwemo watawala wa falme za Wahutu.

Mambo ya kiti yaliongozwa na kanuni za siri zilizoitwa ubwiru. Watunzaji wake, abiru, walizihifadhi kwa moyo, kila ukoo sehemu yake, na aliyekosea neno aliadhibiwa vikali. Kanuni hizo zilipanga namna ya kumsimika mfalme, kuita mvua, kuondoa tauni ya ng'ombe na kula mazao mapya. Zilipanga hata majina: Mutara na Cyirima yalikuwa ya wafalme wa ng'ombe, Kigeli na Mibambwe ya wafalme wa vita, na Yuhi ya mfalme wa moto. Hazina hii ya fasihi simulizi, pamoja na mashairi ya kusifu wafalme na majigambo ya vita, ni miongoni mwa zilizo tajiri na nzito kuliko zote katika eneo la Maziwa Makuu.

Mtu aliyeiokoa isipotee ni padri Alexis Kagame (1912–1981), mzaliwa wa familia iliyokuwa karibu na ikulu. Kwa ruhusa ya Mwami Mutara III Rudahigwa, abiru walimfunulia siri zao katika miaka ya 1940. Kitabu chake cha Kinyarwanda, Inganji Karinga, kilitoka kwa juzuu mbili mwaka 1943 na 1947. Matini ya ubwiru ilichapwa mwaka 1964 na wataalamu wa Kibelgiji Marcel d'Hertefelt na André Coupez, miaka mitatu baada ya ufalme kufutwa. Kagame anastahili shukrani kubwa, lakini alisikiliza zaidi wazee wa ikulu, na historia aliyoiandika ni ya nchi inayotazamwa kutoka Nyanza, mji wa ikulu. Waandishi wengi waliomfuata, pamoja na wale waliouchukia ufalme, waliichukua picha hiyo jinsi ilivyo.

Kufikia miaka ya 1940 sehemu ya ubwiru ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Mwaka 1925 wakoloni Wabelgiji walimpeleka Gashamura, mwiru mkuu wa ukoo wa Watsobe aliyesimamia sherehe ya mavuno iitwayo umuganura, uhamishoni Burundi, na sherehe hiyo ikakoma. Mwami Yuhi V Musinga, aliyekataa kubatizwa, aliondolewa kitini Novemba 1931 na kufia uhamishoni Moba, Kongo, mwaka 1944. Mwanawe Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi chini ya Kristo Mfalme.

## Makaburi na akiolojia

Mwanaakiolojia Francis Van Noten alifukua mwishoni mwa miaka ya 1960 kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, aliyetawala katika karne ya 18, na kaburi la Kanjogera, mama wa Musinga. Matokeo yalichapwa mwaka 1972. Maiti ya Rujugira ilikuwa imekaushwa na kutunzwa vizazi kadhaa kabla ya kuzikwa wakati wa ukoloni, na kaburini alilazwa pamoja na vyombo vya chuma, shanga na silaha.

Ya kale zaidi ni mabaki ya vyungu vya Urewe na tanuru za kuyeyushia chuma, ambayo yanathibitisha kwamba watu walilima na kufua chuma katika vilima hivi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1950 Jean Hiernaux na Emma Maquet walivipanga vyungu vya Rwanda katika makundi. Wengine baadaye walijaribu kuyagawa makundi hayo kwa Watwa, Wahutu na Watutsi, kana kwamba kila mmoja aliingia na chungu chake. Vyungu havithibitishi mgawanyo huo. Mwanaakiolojia Mwingereza John Giblin, aliyefanya kazi nchini baada ya 1994, ameandika kwa kirefu jinsi mpangilio huo ulivyolisha hadithi ya mawimbi matatu ya wahamiaji.

## Koo na ibada ya Ryangombe

Rwanda ya kale ilikuwa na koo zipatazo 18, zikiwemo Wanyiginya, Wega, Wasinga, Wazigaba, Wagesera na Wabanda. Kila moja ya koo kubwa ilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. D'Hertefelt alilionyesha hilo kwa takwimu katika kitabu cha mwaka 1971. Vivyo hivyo ibada ya Ryangombe, iitwayo kubandwa, ilipokea watu wa makundi yote, na walioingizwa pamoja wakawa ndugu wa ibada. Wafuasi wake waliamini kwamba roho zao zitaishi na Ryangombe kwenye volkano za kaskazini. Wamisionari waliipiga vita ibada hii kuliko karibu kila mila nyingine. Kwa hoja kwamba utamaduni wa kale wa Rwanda ulikuwa mali ya watu wote, koo na kubandwa ndio ushahidi ulio imara kuliko wote, ingawa makumbusho na vitabu vimezipa nafasi ndogo kuliko ngoma na ng'ombe wa ikulu.

## Falme nyingine

Gisaka, mashariki, ilikuwa na ngoma yake, Rukurura, na ilimezwa na Rwanda katika karne ya 19. Falme ndogo za Wahutu za Bukunzi na Busozo, kusini-magharibi, zilidumu hadi miaka ya 1920, Wabelgiji walipozivunja kwa nguvu za kijeshi na kuziweka chini ya machifu wa Nyanza.

## Nadharia ya Wahamiti

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke hakuingia Rwanda. Milima yake aliiona kwa mbali akiwa Karagwe mwaka 1861. Hata hivyo kitabu chake cha 1863 ndicho kilichoeneza dhana kwamba watawala wa eneo hili walitoka Ethiopia, na kwamba ustaarabu wao haukuweza kubuniwa na Waafrika wa Kibantu. Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya kwanza huko Save mwaka 1900, waliipokea dhana hiyo, na mwaka 1933 padri Albert Pagès alitoa kitabu kilichoiita Rwanda ufalme wa Kihamiti. Kwa hoja hii dhaifu, ngoma, mashairi na ng'ombe wa Rwanda vilipewa wenyewe wapya: vilikuwa vya waliotoka kaskazini.

Utawala wa Kibelgiji uliitafsiri nadharia hiyo kuwa sera. Machifu Wahutu waliondolewa, shule za watawala zikajazwa watoto wa Kitutsi, na katika miaka ya 1930 kila mtu mzima akaandikiwa kabila katika kitambulisho.

## Kutoka Manifesto hadi kura ya maoni

Machi 1957 wasomi wa Kihutu, akiwemo Grégoire Kayibanda, walitoa Manifesto ya Wahutu, iliyodai mwisho wa ukiritimba wa Watutsi na kutaka kabila libaki katika vitambulisho. Mei 1958 kundi la wazee wa ikulu ya Nyanza liliwajibu kwa barua. Waliandika kwamba Kigwa, babu wa Wanyiginya, aliwakuta Wazigaba nchini na kuwatawala, na kwamba kwa hiyo hakuna undugu kati ya Watutsi na Wahutu unaoweza kudaiwa. Barua hiyo ilileta madhara makubwa mno. Wazee walisoma masimulizi yao wenyewe kwa miwani ya Speke, na wapinzani wao walihitaji tu kuigeuza hoja: kama walikuja kuteka, basi ni wageni.

Rudahigwa alifia Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, na Novemba mwaka huo ghasia zikaanza. Tarehe 28 Januari 1961 jamhuri ilitangazwa Gitarama, na Septemba takriban asilimia 80 ya wapiga kura wakaukataa ufalme. Kigeli V Ndahindurwa, aliyemrithi Rudahigwa, akabaki uhamishoni. Karinga ikatoweka katika vurugu hizo.

## Jamhuri mbili za kwanza (1962–1994)

Chini ya Kayibanda, alama za ufalme ziliwekwa kando na Nyanza ikapoteza hadhi yake. Utafiti uliendelea Butare: Kagame alifundisha Chuo Kikuu cha Taifa, kilichofunguliwa 1963, na taasisi ya utafiti wa sayansi iliongozwa kwa muda na mshairi na mtunzi wa nyimbo Cyprien Rugamba, mwanzilishi wa kundi la ngoma Amasimbi n'Amakombe. Makumbusho ya Taifa, zawadi ya Ubelgiji, yalifunguliwa mjini humo mwaka 1989, wakati wa Rais Juvénal Habyarimana.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa wa chama tawala Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Nadharia ya Speke ilikuwa imetimiza miaka 129. Mwaka 1994 maiti zilitupwa Nyabarongo na kuelea kupitia Akagera hadi Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wa Tanzania na Uganda walizitoa majini. Rugamba, mkewe Daphrose na wengi wa watoto wao waliuawa Kigali tarehe 7 Aprili. Rosalie Gicanda, mjane wa Rudahigwa, aliuawa Butare tarehe 20 Aprili. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016.

## Baada ya 1994

Serikali mpya ilifuta kabila katika vitambulisho. Katiba ya 2003 na sheria zilizofuata zilipiga marufuku siasa za mgawanyiko wa kikabila. Mikutano ya Urugwiro, Kigali, ya 1998 na 1999 iliweka msimamo rasmi kwamba Wanyarwanda walikuwa taifa moja na wakoloni ndio waliowagawa. Mila za kale zikaitwa kazini: gacaca ikawa mahakama, itorero ikawa shule ya uraia, na mwaka 2013 ukaanzishwa mpango wa Ndi Umunyarwanda (“Mimi ni Mnyarwanda”). Msimamo huu umefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watu waliopitia maafa yasiyo na kifani. Wakosoaji wake, wengi wakiandika nje ya nchi, wanaeleza kwamba unapita juujuu tofauti zilizokuwepo kabla ya ukoloni, hasa kazi za kulazimishwa ziitwazo uburetwa, zilizowaelemea wakulima wa Kihutu tangu enzi za Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki 1895. Hoja hiyo ina msingi na inastahili nafasi katika maonyesho ya makumbusho.

Nyanza imejengwa upya kuwa kitovu cha turathi. Makumbusho ya Ikulu ya Mfalme huko Rukari yana nyumba ya msonge ya kifalme iliyosukwa upya, ikulu ya Rudahigwa ya miaka ya 1930, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu. Kigeli V alifariki Marekani Oktoba 2016 na kuzikwa Mwima, karibu na hapo, Januari 2017. Jijini Kigali, nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeuanzisha mji mwaka 1907, ni makumbusho ya kipindi cha ukoloni wa Kijerumani.

Watwa, ambao vyungu vyao na muziki wao vilihudumia ikulu kwa karne nyingi, hutajwa rasmi kama walioachwa nyuma na historia.

 

Mwaka 2023 UNESCO iliingiza maeneo manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, katika Urithi wa Dunia, na Desemba 2024 ngoma ya intore ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Umuganura, uliokoma mwaka 1925, sasa ni sikukuu ya taifa na huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti.