Kabla Hujadungwa Fila, Uliza Inatokaje

Wasee, kwa wiki kadhaa sasa inboksi yangu ina swali moja tu: "Fila ni salama?" Wengi ni wasichana wa Wajir na Garissa, wengine wa hapa hapa Griftu, na mpango wao unafanana. Kupanda basi hadi Eastleigh, kudungwa midomo au mashavu kwa bei ya ofa, kisha kurudi nyumbani usiku huo huo kabla mama hajauliza maswali. Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha, na hii historia ya fila nimeifuatilia hadi macho yakauma. Ningeanza na swali lingine kabisa: hicho kitu kikishaingia usoni, kinatokaje?

Watu wanadhani fila imeletwa na akina Kardashian. Aka! Mwaka 1899, mjini Vienna, daktari wa upasuaji Robert Gersuny alikuwa na mgonjwa kijana aliyekatwa korodani kwa sababu ya kifua kikuu. Akamdunga mafuta ya jamii ya Vaseline, ile unayojipaka miguuni asubuhi, ili mfuko usionekane mtupu. Ilionekana poa. Habari ikasambaa Ulaya na Marekani, na baada ya muda parafini ikawa inadungwa kwenye pua zilizobonyea, makunyanzi, mashavu, hadi matiti.

Sasa, mwili hauwezi kuyeyusha parafini. Unaizungushia kovu, na baada ya miezi au miaka mingi unapata uvimbe mgumu ambao huwezi kuutoa bila kukata nyama yako mwenyewe. Ikiingia kwenye mshipa wa damu ni balaa lingine. Mwaka 1903 madaktari walikuwa tayari wameandika habari za mtu aliyepofuka baada ya kudungwa parafini puani. 1903! Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado kuna mtu anakwambia "ni kasindano kadogo tu."

Hebu mwangalie Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa kote Ulaya kwa uzuri. Yaani huyo ndiye angekuwa na wafuasi milioni leo. Akiwa na miaka ishirini na kitu tu, alitaka pua yake inyooke kama ya sanamu za Kigiriki, akadungwa nta ya parafini. Nta ikateleza ikashuka hadi kidevuni. Mwaka 1921 aliolewa na Duke wa Marlborough, kwa hivyo doo na madaktari wazuri hakukosa. Nta haikutoka. Alifariki 1977 akiwa na zaidi ya miaka 90, na uso huo huo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja silikoni ya majimaji. Wanawake Japani walidungwa matiti, kisha mtindo ukavuka hadi Marekani, Las Vegas hasa, na katikati ya miaka ya 1970 jimbo la Nevada likapiga marufuku. Silikoni nayo haiyeyuki. Hadi leo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaruhusu kuidunga kwa ajili ya kujaza uso au kuongeza makalio, na bado watu wanadungwa kimagendo kwa sababu ni rahisi kupata.

Hapa ndipo ng'ombe anaingia, na sisi watu wa mifugo tunapaswa kujua hii. Mwaka 1981 FDA iliidhinisha Zyderm, kolajeni iliyotolewa kwenye ngozi ya ng'ombe. Eeh, ngozi ileile tunayoiona ikioza nyuma ya kichinjio. Ulidungwa kidogo mkononi kwanza, ukangoja wiki nne kuona kama mwili utaikataa, na ukishajazwa ilidumu miezi michache tu. Asidi ya hayaluroniki, inayotumika sana siku hizi, nayo iligunduliwa 1934 katika Chuo Kikuu cha Columbia na Karl Meyer na John Palmer, ndani ya ute wa jicho la ng'ombe. Ikaja kuwa fila Ulaya mwaka 1996 kwa jina Restylane, na Marekani ikaikubali 2003.

Kilichoifanya ishinde zingine ni kwamba kuna kimeng'enya, hayaluronidasi, kinachoiyeyusha. Ayeeyo zetu walijipaka qasil na huruud. Ukichoka nayo, unanawa. Hayaluronidasi ndiyo maji ya kunawia ya fila. Lakini inafaa tu kwa fila ya asidi ya hayaluroniki. Kwa silikoni haifanyi kitu.

Na hata hiyo nzuri ikiingia kwenye mshipa wa damu, au ikiubana, ngozi inaanza kufa. Dalili ni maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe au na madoa ya zambarau kama wavu. Dawa inatakiwa ndani ya saa chache. Mshipa wa jicho ukizibwa, hesabu ni ya dakika. Sasa jiulize wewe uko kwenye basi usiku, Garissa umepita, Wajir bado, Griftu ndiyo mbali kabisa, na mdomo unabadilika rangi. Nani atakudunga hayaluronidasi hapo?

Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya kutolewa mafuta mwilini katika kliniki ya urembo, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga. Haikuwa fila, ila wateja ni walewale na matangazo ni yaleyale.

Abaayo, sikukatazi, uso ni wako. Jina la daktari litafute kwenye rejista ya KMPDC mtandaoni, ni bure. Boksi lifunguliwe mbele yako, usome jina la fila, namba ya bechi na tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha upige picha. Mwambie akuonyeshe hayaluronidasi iko wapi, kwa macho yako. Akikwambia haihitajiki, chukua mkoba wako utoke. Na tiketi ya kurudi usikate ya siku hiyo. Lala Nairobi hata siku mbili, kwa shangazi au kwa rafiki, karibu na aliyekudunga.