MASHUA, SHAMPENI NA VITANDA 200: MIZIGO ILIYOVUKA UGOGO JUU YA VICHWA VYA WATU

Kila kundi la washikaji lina mtu mmoja wa hivi. Mkikubaliana kwenda kulala porini usiku mmoja tu, yeye anakuja na hema la watu sita, jiko la gesi, meza ya kukunja, viti vinne, spika, tochi tatu na godoro la kupuliza. Buti ya gari imejaa mpaka haifungi, halafu maji ya kunywa ndiyo yamesahaulika. Mwakani kanunua hema jipya, lile la zamani liko juu ya kabati linakula vumbi. Mnamcheka, mnampiga picha, mnaposti.

Sasa kwa Dodoma hii, tabia ya kubeba vitu vingi kupita kiasi ni ya zamani kuliko jiji lenyewe. Tofauti ni kwamba enzi hizo hakukuwa na buti ya gari. Kulikuwa na kichwa cha mtu, shingo ya mtu na mabega ya mtu.

Kabla ya reli, njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Ukiondoka Mpwapwa unaingia Marenga Mkali, pori kavu la kama kilomita 50 bila maji ya kueleweka, ndipo unatokea Mvumi na kuanza kukutana na watemi wa Kigogo mmoja baada ya mwingine. Punda walikuwepo wachache, wakafa. Farasi ndiyo kabisa, mbung'o na magonjwa hayakuwapa nafasi. Kwa hiyo kila kitu, kuanzia sindano mpaka mashua (ndiyo, mashua, tutafika huko), kilipanda juu ya mpagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliokuwa na sifa ya kazi hiyo muda mrefu kabla Mzungu wa kwanza hajafika. Kwao kijana kwenda pwani na kurudi ilikuwa heshima kubwa. Wengine walikuwa waungwana wa Unguja na watu wa Mrima.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Ongeza mkeka wake wa kulalia, chungu chake, kibuyu cha maji na posho yake. Huyo ndiye aliyekuwa na vifaa vya kambi vya kweli, na vilikuwa vinne! Jioni anakata miiba anazungushia boma, anajenga kibanda cha majani, anapika ugali, analala. Alfajiri mbele kabisa anatoka kirangozi, kiongozi wa msafara, na nguo yake nyekundu na manyoya kichwani, ngoma inalia, mstari unaanza kutembea.

Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857. Wao walianza na tatizo ambalo mtu wa hema la watu sita analijua vizuri: vitu ni vingi kuliko wabebaji. Ilibidi vingine viachwe pwani, ikiwemo mashua yao ya chuma ya kuunganisha. Wakafika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858 wakiwa hawana hiyo mashua, wakaanza kuhangaika kuazima ya watu. Yaani mtu anakwenda kutafuta ziwa, kitu anachoacha nyumbani ni mashua.

Halafu akaja Stanley, mwaka 1871, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Huyu ndiye bingwa wa mizigo. Alipofika Unguja hakujua chochote kuhusu safari ya bara, akaanza kuuliza wafanyabiashara Waarabu: nguo kiasi gani, shanga kiasi gani, waya wa shaba kiasi gani? Maana hivyo vitu ndivyo vilikuwa hela ya njiani. Na hapo kwenye shanga ndipo kulikuwa na mtihani, kwa sababu kila nchi ilikuwa na fasheni yake. Shanga nyeusi, zile walizoziita bubu, Ugogo zilikuwa hela kamili lakini ukivuka tu Ugogo hakuna anayezitaka. Samisami, zile nyekundu, zilipendwa kwingine. Ukikosea rangi, umebebesha watu kilo 30 za takataka kwa miezi mitatu. Stanley akanunua magunia 22 ya shanga kwa kukisia. Ukijumlisha na nguo, waya, mahema, mashua mbili, risasi na mengineyo, akakuta ana karibu tani tano. Mwenyewe alikiri kwamba alipoliona lile rundo alichoka roho. Hesabu yake ilisema anahitaji wapagazi kama 160.

Katika rundo hilo kulikuwa na chupa ya shampeni na vikombe vya fedha. Si utani. Chupa ilibebwa kutoka pwani, ikavuka mabwawa ya Makata, ikavuka Marenga Mkali ambako watu walikuwa wanahesabu matone ya maji, ikalipiwa hongo kwa watemi wa Ugogo kama mizigo mingine, ikafika Ujiji Novemba 1871 na kufunguliwa mbele ya Livingstone. Dunia nzima inajua salamu aliyotoa Stanley siku ile. Jina la mtu aliyebeba sanduku lenye ile chupa, hakuna anayelijua.

Hapo kwenye hongo tusimame kidogo. Leo ukisema hongo mtu anafikiria bahasha na TAKUKURU. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia, unalipwa mchana kweupe. Ugogo ni nchi ya mvua chache, kisima ni mali ya watu waliokichimba na kukilinda. Unakuja na watu mia mbili, wanakunywa maji, wanakula nafaka ya akiba, punda wenu wanakanyaga mashamba, halafu mnataka mpite bure? Wazungu kwenye vitabu vyao waliwaita watemi wetu wanyang'anyi. Mtemi Magomba wa Kanyenye, anayetajwa na Burton na tena na Stanley, alisemwa sana. Lakini ukiangalia vizuri, huyo mzee alikuwa anatoza kulingana na ukubwa wa mzigo. Anayepita na mengi analipa mengi. Mbona hata mizani za barabarani leo zinapima gari lako? Na wala si kwamba Wagogo waliwachukia wapita njia: waliwauzia maziwa, asali, mtama na kuku, na watoto wakatoka mbio kumshangaa mtu mweupe kama alivyokuwa anawashangaa wao.

Kabla ya kuingia Marenga Mkali mwaka huo, Stanley aliacha "mzigo" mmoja Mpwapwa. Alikuwa mtu, William Farquhar, baharia wa Kiskoti aliyekuwa akiongoza mojawapo ya misafara yake. Miguu ilikuwa imevimba, hawezi kutembea, na kumbeba kulionekana ni kazi kubwa. Akaachwa kwa mtemi wa Mpwapwa na mtumishi mmoja wa kumwangalia. Siku chache baadaye akafa. Shampeni ikaendelea na safari.

Ungedhani mtu akishapita njia mara moja, mara ya pili anapunguza. Wapi! Stanley aliporudi mwaka 1874 alikuja na watu 356 na mizigo ya zaidi ya tani nane. Humo ndani kulikuwa na Lady Alice, mashua ya mbao yenye urefu wa mita 12 iliyokatwa vipande. Vipande vilipofika Unguja vikaonekana ni vizito mno kwa mwanadamu, fundi akaitwa kuvikata tena. Waliochaguliwa kuibeba walikuwa vipande vya watu kwelikweli, na walilipwa zaidi ya wenzao, kwa sababu kipande kama hicho hukibebi kichwani, mnakining'iniza kwenye mti, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mnapita nacho kwenye miiba ya Ugogo mkiwa mmeachwa nyuma ya msafara.

Krismasi ya mwaka 1874 iliwakuta Ugogo. Mvua ilikuwa inamwagika, mahema yamelowa, na mwaka ule kulikuwa na njaa, nafaka haipatikani hata kwa bei ya kuruka. Stanley aliandika kwamba ndani ya siku 38 alipungua kutoka kilo 82 hadi 61. Fikiria hiyo picha: tani nane za mali zimepangwa chini ya maturubai, nguo za kuvalisha mji mzima, shanga, mashua ya kifahari, halafu bosi mwenyewe anakunywa uji mwepesi. Kama bosi alipungua kilo 20, aliyebeba mashua alipungua ngapi? Hakuna aliyempima. Wengine walitoroka usiku, na wakikamatwa walifungwa minyororo. Kuhusu mjeledi Stanley mwenyewe aliandika bila hata kuficha. Wengine wakafa njiani. Mbele, upande wa Singida, zaidi ya 20 waliuawa kwenye mapigano ya Vinyata. Msafara ulipofika Ziwa Victoria mwishoni mwa Februari 1875, walihesabiwa watu 166 pamoja na Wazungu watatu. Mashua ilifika nzima.

Kuna mzigo mmoja tu uliopita hapa ambao wabebaji wenyewe ndio waliuchagua. Livingstone alifariki Mei 1873 huko ambako leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao kama sitini hivi wakaamua kwa hiari yao kumrudisha pwani. Walikausha mwili, wakaufunga. Njiani wakaambiwa kuna vijiji havitakubali maiti ipite. Wakafanya kama wanaurudisha Tabora kuuzika, kumbe usiku wameufunga upya ukaonekana kama mtumba wa kawaida wa nguo, na kwa sura hiyo ukaendelea na njia. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. (Mtumba, zamani, ndilo lilikuwa jina la furushi la nguo la mpagazi. Ukienda Sabasaba kuchagua jinzi, neno unalotumia limepita hapa likiwa juu ya kichwa cha mtu.) Maiti ilizikwa Westminster kwa heshima zote. Waliomleta walilipwa mishahara yao pwani, na wengi wakaambiwa asanteni, kwaherini.

Kichekesho cha mwisho kilikuwa mwaka 1889. Stanley alikwenda kumwokoa Emin Pasha kule Ziwa Albert, na watu wa Emin wakaja na vitu vya nyumba nzima: mawe ya kusagia, masufuria makubwa ya shaba, masanduku ya kubebwa na watu wawili, vitanda kama 200, hadi kasuku na njiwa. Na nani alikasirika kuliko wote? Stanley! Mtu aliyevusha mashua Ugogo akajaza kurasa akilalamikia vitanda vya wenzake. Waliogoma hasa walikuwa wapagazi wa Unguja, maana wao ndio walipandisha yale mawe mlimani kisha wakaona mengine yanatupwa. Msafara ukapita Ugogo, Novemba ukafika Mpwapwa, Desemba Bagamoyo. Usiku wa sherehe Emin Pasha akaanguka kutoka ghorofani, akapasuka kichwa. Alipona, lakini kweli dunia ina mambo.

Kati ya wale wote, wachache sana majina yao yalibaki. Sidi Mubarak Bombay ni mmoja. Alizaliwa Uyao, akauzwa utumwani akiwa mtoto mpaka India, akarudi Unguja akiwa huru. Alisafiri na Burton na Speke, akarudi na Speke, akaenda na Stanley mwaka 1871, halafu na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Jumuiya ya Jiografia ya London ilimpa nishani. Wazungu walibadilika kila safari, Bombay ni yuleyule.

Reli ya Wajerumani ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Biashara ya wapagazi ikawa imekwisha, hivyo ndivyo ilivyoonekana. Kenya huko Roosevelt alikuwa ameshapita mwaka 1909 na chumvi tani nne na maktaba ya vitabu karibu 60, ila hiyo ni ya wenzetu.

Kumbe mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa bado. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, jeshi nalo ni kambi inayotembea: mahema, mizinga, risasi, chakula, na vyote vinataka kichwa. Wajerumani walichukua wanaume, ng'ombe na nafaka. Waingereza wakaiteka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na wao wakachukua wanaume, ng'ombe na nafaka. Kisha mvua zikagoma. Wagogo wanauita wakati huo Mtunya. Uliua maelfu ya watu katika nchi ambayo ilishazoea ukame na ilijua kuweka akiba. Safari hii akiba ilikuwa imeshabebwa, na waliotakiwa kulima walikuwa wameshabebeshwa. Katika vita vile wapagazi waliokufa Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara wala si kwa risasi.

Dar es Salaam, kikosi chao cha wabebaji kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka wanavyoweza, na mahali palipokuwa kambi yao pakaitwa Kariakoo. Posta pale, sanamu ya mwaka 1927 aliyesimama juu ni askari na bunduki yake.

Kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu wa Mvumi, Mpwapwa, Bahi au Kongwa aliyesimuliwa Mtunya na wazazi wake, au ukoo wenu una jina la mtu aliyewahi kwenda pwani na mzigo, dondosha hapo chini. Majina kabisa, na kijiji.